Mwongozo wa kupanga mazishi na ibada ya kaburini, hatua kwa hatua

Kama unasoma hapa kwa sababu umefiwa, pole sana. Kama umekabidhiwa kazi ya kupanga mazishi ya mtu wenu na hujawahi kuifanya, mwongozo huu ni wako. Maswali huwa ni yale yale kila msiba: kaburi lichimbwe kina gani, kamba ziwe ngapi, nani aanze kuongea, ibada ichukue muda gani, mvua ikinyesha tufanyeje. Tumeyajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe.

Shika jambo moja tangu sasa: mazishi hupangwa kuanzia kaburini kurudi nyuma. Watu wengi huanza na vinavyoonekana, yaani sare, mapambo, magari na picha kubwa ya marehemu, halafu kaburi wanawaachia vijana walipime kwa macho. Mambo yanayoharibika siku yenyewe, mengi huharibikia pale pale kaburini: jeneza linakwama, ukuta unaporomoka, kamba inakuwa fupi, mama wa marehemu anakosa pa kukaa. Kaburi likiwa sawa, vingine vikichelewa vinavumilika.

KABLA YA KUANZA

Watu

Unahitaji mratibu mmoja. Asiwe mume, mke, mzazi wala mtoto wa marehemu. Hao waachwe waomboleze. Awe mtu anayesikilizwa na familia, mwenye simu yenye chaji, anayeweza kusema "hapana" bila kugombana. Maamuzi yote yapite kwake.

Chini yake wawepo: mweka hazina mwenye daftari, msemaji wa familia, kiongozi wa ibada, na msimamizi wa kaburi. Huyu wa mwisho ndiye anayesahaulika sana, na ndiye muhimu kuliko wote. Anakuwepo tangu jembe la kwanza hadi udongo wa mwisho, na siku ya mazishi hapewi kazi nyingine yoyote.

Wabeba jeneza ni 6, na 2 wa akiba. Wachimbaji ni 4, wanaopokezana wawili wawili.

Karatasi

Majina ya karatasi hutofautiana nchi na nchi, lakini kwa kawaida utaulizwa hizi: taarifa ya kifo kutoka kwa daktari au hospitali, kitambulisho cha marehemu, kitambulisho cha ndugu anayechukua mwili, kibali cha mazishi, na uthibitisho wa eneo la kaburi. Kama kifo kimetokea ghafla, kwa ajali, au sababu yake haijulikani, polisi huhusishwa na mwili unaweza kufanyiwa uchunguzi kabla ya kuruhusiwa kuzikwa. Usitangaze tarehe ya mazishi kabla uchunguzi huo haujaisha.

Vifaa vya kaburini

- Tepu ya kupimia ya mita 5, vigingi 4 na uzi
- Majembe 2, sururu 2, koleo 6
- Ngazi inayozidi kina cha kaburi kwa nusu mita au zaidi
- Mbao nene 4 za kuzunguka kingo: unene wa sentimita 5, upana wa sentimita 20 au zaidi
- Mihimili 2 ya mbao ya kulazia jeneza, sentimita 10 kwa 10, urefu wa mita 1.5
- Mikanda 3 ya kushushia, upana wa sentimita 5, urefu wa mita 7 kila mmoja
- Glavu jozi 8
- Turubai, ndoo 2 na kamba ya kutolea maji
- Viti 10 hadi 12, maji ya kunywa, kisanduku cha huduma ya kwanza
- Spika ya betri na kipaza sauti, kama watu watazidi hamsini
- Alama ya muda ya kaburi yenye jina na tarehe

HATUA

1. Ulizeni kwanza kama marehemu aliacha maelekezo

Angalieni wasia, bima ya mazishi, daftari lake, na muulizeni kiongozi wake wa dini. Watu wengi huwa wamesema wapi wazikwe, au wimbo gani uimbwe, ila wamemwambia mtu mmoja tu. Mkigundua hilo baada ya kaburi kuchimbwa, hapo ndipo ndugu wanapokosana.

Baada ya hapo mratibu aketi na watu wachache wenye neno la mwisho, wasizidi watano, wajibu maswali manne: anazikwa wapi, lini, kwa ibada gani, na fedha zinatoka wapi. Majibu yaandikwe na kusomwa mbele ya wote. Kikao cha watu thelathini hakitoi jibu hata moja kati ya hayo.

2. Maliza karatasi, kisha zungumza na mtakapozika

Mkizika makaburi ya umma au ya jumuiya ya dini, uliza mambo haya kabla hujalipa: nani anachimba, vipimo gani vinaruhusiwa, saa ya mwisho ya kuzika, mkono gani wa kaburi hutupwa udongo, magari yanaishia wapi, na alama za aina gani zinaruhusiwa baadaye. Mkizika kwenye ardhi ya familia, hakikisha sheria ya eneo inaruhusu na kwamba mwenye jina kwenye hati amekubali. Ardhi yenye mgogoro usizike mtu. Kesi inaweza kuamuru mwili ufukuliwe, na hilo ni jeraha jipya kwa familia nzima.

Omba nakala kadhaa za cheti cha kifo zilizothibitishwa. Benki, mfuko wa pensheni, bima na mahakama ya mirathi kila mmoja hutaka yake.

3. Hifadhi mwili ipasavyo

Kama kifo kimetokea nyumbani, mlaze marehemu chali mapema, mfumbe macho, funga taya kwa kitambaa kinachopita chini ya kidevu, nyoosha mikono na miguu. Mwili huanza kukakamaa ndani ya saa 2 hadi 6, na kwa kawaida huwa umekakamaa wote zikipita kama saa 12. Ukichelewa, usilazimishe viungo. Ukakamavu huanza kulegea wenyewe baada ya siku moja au zaidi.

Pasipo na baridi, na hasa kwenye joto, lenga kuzika ndani ya saa 24. Mkisubiri wasafiri, mwili upelekwe mochwari, ambako majokofu huwa kwenye nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi. Dawa ya kuhifadhi mwili huongeza muda, lakini uliza kwanza kama dini ya marehemu inaikubali.

Pete, mkufu, saa: andika kwenye daftari kila kilichovuliwa na nani amekichukua. Asaini.

4. Chagua mahali pa kaburi

Epuka bonde linalotuama maji, mizizi ya mti mkubwa, na ukingo wa mteremko. Umbali mdogo unaopendekezwa sana kutoka kwenye kisima au chemchemi ya maji ya kunywa ni mita 30, na sakafu ya kaburi iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya chini ya ardhi. Kama hujui maji yako wapi, waulize wenye visima vya jirani wanayakuta kwa kina gani.

Zingatia pia njia. Wabeba jeneza sita hutembea watatu watatu ubavuni, kwa hiyo njia ya chini ya mita 1.5 haiwatoshi. Itembee wewe mwenyewe kutoka gari litakapoishia hadi kaburini, ukitazama mashimo, mawe na matawi ya usawa wa kichwa.

5. Pima jeneza kwanza, ndipo uchore kaburi

Hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika. Wachimbaji hupewa vipimo vya "kaburi la kawaida", kisha jeneza linaletwa lenye vishikio vilivyochomoza kila upande.

Jeneza la mtu mzima kwa kawaida lina urefu wa karibu mita 2, upana wa sentimita 60 hadi 70 mabegani, na kimo cha sentimita 40 hadi 50. Hivyo ni vya kukisia tu. Mpigie seremala, mwombe apime upana kutoka ncha ya kishikio hadi ncha ya kishikio cha upande wa pili, na urefu pamoja na mapambo ya kichwani. Kisha ongeza sentimita 20 hadi 30 kwenye urefu na 15 hadi 20 kwenye upana. Jeneza la mita 2 kwa sentimita 70 litataka kaburi la mita 2.3 kwa sentimita 90.

Kina cha mita 1.8, yaani futi sita, ndicho kinachojulikana zaidi, ingawa sheria za mahali pengi huruhusu pungufu. Cha kuzingatia ni udongo utakaobaki juu ya kifuniko: ukifika mita moja, wanyama hawafukui na harufu haitoki. Kama mwenzi wa marehemu atazikwa juu yake siku za mbele, lazima mseme sasa. Kaburi la kwanza litahitaji karibu mita 2.4.

Mnaotaka kaburi la kujengea matofali, kila ukuta unakula sentimita 10 hadi 15 kila upande, kwa hiyo shimo liwe pana zaidi tangu mwanzo. Mfuniko wa zege unahitaji angalau siku 7 ili upate nguvu ya kuaminika. Kama mazishi ni keshokutwa, tafuteni vipande vya zege vilivyokwisha kukauka. Usimwage zege bichi usiku wa kuamkia mazishi.

6. Chimba, na ukague mwenyewe

Kaburi la vipimo hivyo hutoa karibu mita za ujazo 3.7 za ardhi, ambazo zikishafumuliwa hufika kama 4.5. Uzito wake unakaribia tani 6. Udongo laini, watu wanne wataumaliza kwa saa nne au tano. Wenye mawe unaweza kuchukua siku nzima. Kwa hiyo uchimbaji uishe siku moja kabla, au alfajiri kama mnazika siku hiyo hiyo.

Yasimamie haya:

Udongo wote utupwe upande mmoja mrefu wa kaburi, na rundo lianze sentimita 60 kutoka ukingoni. Ukirundikwa ukingoni kabisa, uzito wake ndio unaosukuma ukuta kuanguka. Upande wa pili ubaki wazi kwa wafiwa.

Mawe na udongo wenye mabonge yatengwe. Udongo laini wa juu uwekwe peke yake, maana ndio utakaotangulia kurudi.

Wachimbaji wakishuka zaidi ya kifua, ngazi ibaki ndani muda wote na mtu mmoja awe juu akiwaangalia. Kwenye mchanga au udongo uliolowa, egemezeni mbao kwenye kuta mbili ndefu na mzikaze kwa vipande vya mbao katikati. Mtu akifukiwa hadi kifuani anaweza kufa hata kichwa kikiwa nje, kwa sababu kifua hakipati nafasi ya kupumua.

Kisha ukaguzi. Kata fimbo yenye urefu sawa na upana wa jeneza pamoja na vishikio, ongeza sentimita 10, uishushe imelala kutoka ukutani hadi ukutani, kuanzia juu hadi sakafuni, kichwani, katikati na miguuni. Wachimbaji wakichoka, kaburi hujibana lenyewe kadiri linavyokwenda chini: juu utakuta sentimita 90, chini 75. Fimbo ikikwama, pachongwe pale pale. Kazi hii ya dakika kumi usiiruke hata kama mchimbaji ni mzoefu.

Kaburi likibaki wazi usiku, lifunikwe kwa mbao na turubai, na paachwe alama inayoonekana gizani.

7. Panga uwanja

Zungusha zile mbao nne kwenye kingo ili watu wasikanyage ardhi tupu. Mihimili miwili iwekwe kukingama kaburi, sentimita 40 hivi kutoka kila mwisho. Mikanda itandazwe juu yake kabla jeneza halijafika: mmoja mabegani, mmoja katikati, mmoja kwenye mapaja. Usiifunge mafundo nchani; fundo litanasa chini ya jeneza wakati wa kuutoa mkanda.

Viti vya wafiwa viwe upande ulio wazi, mita 1.5 au zaidi kutoka ukingoni, na aliye kwenye kiti cha magurudumu apangiwe mahali mapema. Kiongozi wa ibada asimame upande wa kichwa, upepo ukimtoka mgongoni. Jaribu kipaza sauti huku mtu amesimama mwisho kabisa. Kama kuna hema, nguzo zake zikae mbali na kingo, na kamba zake zisikatize njia ya wabeba jeneza.

8. Andika ratiba ya ibada

Ibada ya kaburini, bila kufukia, iwe kama dakika 30. Watu wamesimama, jua linawaka au wingu limetanda, na wazee wamechoka. Wasifu mrefu, salamu za rambirambi, wawakilishi wa ofisi na vikundi, na kuaga mwili: vyote hivyo vimalizwe kabla, nyumbani au kwenye nyumba ya ibada. Kaburini pabaki yale yasiyoweza kufanywa mahali pengine.

Ratiba inayokaa vizuri ni hii:

- Jeneza kuwekwa juu ya mihimili, watu kutulia: dakika 5
- Neno la kufungua na sala: dakika 3
- Somo moja: dakika 2
- Maneno ya familia, msemaji mmoja au wawili: dakika 3 kila mmoja
- Sala ya kukabidhi: dakika 2
- Kushusha jeneza, kwa kimya au kwa wimbo: dakika 5
- Udongo wa kwanza, wafiwa wa karibu: dakika 5
- Kufukia
- Mashada na alama
- Shukrani na matangazo ya familia: dakika 3

Kiongozi wa dini aonyeshwe ratiba hii mapema, maana madhehebu mengi yana utaratibu wao ulioandikwa na ndio utakaofuatwa. Kama familia haitaki ibada ya dini, ndugu anayeheshimika anaweza kuongoza: afungue kwa kumtaja marehemu kwa jina kamili, asome kitu alichokipenda, awaombe watu wakae kimya dakika moja, kisha aseme waziwazi, "Sasa tunamshusha." Maneno hayo yasirukwe. Wafiwa wanahitaji kujua ni sasa.

Msemaji wa familia aandike maneno yasiyozidi 300. Yakisomwa polepole yanamaliza dakika tatu. Aeleze mambo mawili ambayo marehemu aliyafanya, yenye mahali na watu, badala ya orodha ya sifa. "Alisomesha watoto wa dada yake watatu" inamweleza mtu kuliko "alikuwa na upendo kwa wote". Nakala ya pili awe nayo mratibu, kama sauti ya msemaji itakatika.

9. Toa tangazo lililokamilika

Tangazo libebe: jina kamili na jina la mtaani kama ndilo linalojulikana, saa na mahali pa kuaga, saa na mahali pa kaburi, maelekezo ya njia, na namba ya msemaji wa familia. Andika "saa 8 mchana", si "saa 8" peke yake. Tarehe ya kuzaliwa kamili, namba za vitambulisho na mahali nyumba ilipo visiwekwe mtandaoni. Na siku ya mazishi aachwe mtu nyumbani. Wezi nao husoma matangazo.

10. Siku yenyewe: hesabu muda kwa kurudi nyuma

Anza na saa ambayo ni lazima kufukia kuwe kumeisha, angalau saa moja kabla ya giza. Rudisha nyuma saa moja ya kufukia, nusu saa ya ibada, muda wa kuaga, safari, na saa moja ya mochwari. Ukimaliza, ongeza saa moja ya akiba.

Mochwari, ndugu wawili wanaomfahamu marehemu wautazame uso na wasome jina kwenye kibandiko cha mkononi au mguuni kabla kifuniko hakijafungwa. Si suala la kumwonea mtu aibu. Miili huwahi kubadilishana, na gharama ya kugundua hilo kaburini haielezeki. Sakafu ya jeneza itandikwe nailoni nzito na kitu cha kunyonya majimaji. Kifuniko kikazwe skrubu zote.

Msimamizi wa kaburi apige simu kwa mratibu na kusema "kaburi tayari" kabla msafara haujaondoka kwenye kuaga. Bila simu hiyo, gari lisiondoke.

11. Kubeba na kushusha

Jeneza la mbao pamoja na mwili mara nyingi hufika kilo 120 hadi 150, yaani kilo 20 hadi 25 kwa kila mmoja wa watu sita. Panga warefu na warefu, wafupi na wafupi, mkabala. Miguu ya marehemu hutangulia. Mtu mmoja tu atoe amri: "inua", "twende", "simama", "shusha". Vishikio vya plastiki ni pambo. Shikeni chini ya jeneza.

Jeneza likishatulia juu ya mihimili, mikanda iwe chini yake. Wakati wa kushusha, watu sita, watatu kila upande, wasimame juu ya mbao za kingo, mguu mmoja mbele, glavu mikononi. Mkanda usizungushwe kwenye kiganja wala kwenye kifundo cha mkono. Ukiteleza, unamvuta mtu shimoni. Wainue kwa pamoja sentimita tano. Mtu wa saba na wa nane wachomoe mihimili, mmoja kila mwisho. Kisha mkono kwa mkono, mkanda uteleze polepole, na kiongozi wao atazame tu kama jeneza liko usawa, asitazame watu.

Urefu wa mita 7 si wa kubahatisha: kina mara mbili ni mita 3.6, chini ya jeneza sentimita 70, na kila mshikaji anabaki na zaidi ya mita moja mkononi hadi mwisho. Kamba nyembamba ya nailoni itawachoma viganja na wataiachia. Kama mikanda haipatikani, chukua kamba nene ya milimita 18 au zaidi isiyo na mafuta.

Jeneza likigusa sakafu, upande mmoja uachie, upande wa pili uvute taratibu hadi mkanda utoke.

12. Kufukia

Udongo wa kwanza wa wafiwa uwekwe kwenye ndoo au sinia pembeni, uwe laini, ili wasilazimike kuinama kwenye rundo. Baada yao, wafukiaji wateremshe udongo laini pembeni mwa jeneza kwanza, kisha juu yake, kwa upole. Bonge la kwanza likidondoka juu ya kifuniko, sauti yake inawaumiza waliokaa pale kuliko maneno yoyote yaliyosemwa.

Kila sentimita 30 pashindiliwe kwa miguu au kwa mti, isipokuwa tabaka la kwanza. Mkiwa na koleo sita na zamu za dakika tano, kazi itachukua nusu saa hadi saa nzima. Udongo utabaki, uwekwe wote juu kama tuta la sentimita 30 hadi 40. Usiwaruhusu wausambaze. Kaburi litatitia, na tuta hilo ndilo litakalojaza.

UKIZIKA BILA JENEZA

Katika maziko ya Kiislamu mwili huoshwa, huvishwa sanda (vipande 3 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke), huswaliwa, kisha hulazwa kaburini kwa ubavu wa kulia ukielekea kibla. Mwanandani, yaani nafasi ya kulaza mwili, huchimbwa upande wa kibla chini ya kaburi, na hufungwa kwa mbao, mawe au matofali mabichi kabla ya udongo kurudishwa. Kinachobadilika kwenye mpango wako ni hiki: wanahitajika watu wawili au watatu wa kuingia kaburini kupokea mwili, hivyo upana uwatoshe, mbao za kufunikia zikatwe na kujaribiwa mapema, na ardhi ya kichanga haishiki mwanandani wa pembeni, hapo hutumika mfereji wa katikati. Imamu au wazoefu wa mahali watangulie kulitazama kaburi.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Jeneza limekwama katikati. Acheni kusukuma, na pasiwe na mtu wa kulikanyaga. Lipandisheni, rudisheni mihimili, lilazeni juu yake, wafiwa waketi, na kiongozi aanzishe wimbo au sala wakati ukuta unachongwa. Mara nyingi tatizo ni kishikio. Kikiweza kufunguliwa kwa bisibisi, kifunguliwe.

Jeneza linainama upande mmoja. Kichwani ni kuzito kuliko miguuni. Wote wasimame, upande ulio juu uteremke taratibu hadi usawa, ndipo muendelee. Wenye nguvu wawekwe mkanda wa mabegani tangu mwanzo.

Maji yameingia kaburini. Yachotwe kwa ndoo dakika za mwisho kabisa, kisha pamwagwe kokoto au mchanga mkavu sentimita 10. Yakirudi kwa kasi, mmechimba hadi kwenye maji, na dawa ni kuinua sakafu kwa kurudisha udongo au kuhama.

Mmekutana na mwamba. Nusu mita haijafika? Hameni. Mmepita mita 1.2? Ulizeni kama kina hicho kinakubalika, mkiongeza tuta au mfuniko juu.

Ukuta umeporomoka. Hakuna anayeingia hadi mbao ziegemezwe. Kama umeporomoka watu wakiwapo, warudisheni nyuma mita tatu kwanza.

Kiongozi wa ibada hajafika. Msubirini dakika 20, si zaidi, kisha aliyeandaliwa kama mbadala aendelee. Mbadala huyo apangwe siku moja kabla.

Mtu amezirai. Alazwe chali kivulini, nguo zilegezwe, watu wampishe hewa. Asipozinduka ndani ya dakika moja au mbili, au asipopumua vizuri, ni dharura ya hospitali. Dereva mmoja awe amebaki na ufunguo mkononi kwa ajili ya hilo.

Ndugu wanabishana kaburini. Mratibu awatoe pembeni, awasomee yale majibu manne yaliyoandikwa, na ibada iendelee.

BAADA YA MAZISHI

Hesabu vifaa kabla hamjaondoka na rudisha vya kuazima. Mweka hazina afunge daftari ndani ya wiki, lisomwe mbele ya familia, na risiti zihifadhiwe kwa ajili ya bima na mirathi.

Mtembelee kaburi baada ya mvua kubwa ya kwanza. Palipobonyea paongezwe udongo, palipopasuka pashindiliwe. Jiwe zito au ujenzi wa zege usubiri miezi 6 hadi 12, hadi ardhi iache kutitia. Likiwekwa mapema litainama au kupasuka katikati. Hadi wakati huo ile alama ya muda inatosha, mradi jina limeandikwa kwa rangi isiyofutika na mvua, na kigingi chake kimezama ardhini nusu mita.